Kitufe cha Mwisho cha Bi Salhina

Habari za njia sina haja ya kuzieleza. Nilitoka kwetu, nikafika Rahisia, na anayetaka kujua vumbi la barabarani akamuulize dereva. Ninayotaka kuyaandika ni yale niliyoyaona huko, kwa sababu watu wa kwetu wanaisifu sana nchi hiyo bila kuikanyaga.

Nilitumwa na ukoo. Shangazi wa baba yangu, Bi Msimu, mwenye miaka themanini na kitu, hakuwa na kishikwambi, na ukoo mzima uliona aibu. Kundi letu la simu lilichemka juu ya jambo hilo tangu mfungo hadi baada ya sikukuu. Ami mmoja alitaka kishikwambi kikubwa kama sinia, kwa kuwa macho ya wazee ni mabovu. Binamu yangu alitaka kidogo, kwa kuwa mikono ya wazee ni dhaifu. Mwingine akasema kisiwe na intaneti, wasije wakamtapeli; mwingine akauliza bila intaneti kitakuwa na kazi gani zaidi ya ubao wa kukatia vitunguu, akatolewa kwenye kundi, akarudishwa baada ya kuombewa msamaha. Mwishowe walikubaliana jambo moja tu: kwamba Rahisia ndiko vinakotengenezwa vishikwambi vyepesi kuliko vyote kwa wazee, na kwamba mimi, kwa kuwa nina stashahada na sina mume wa kumuaga, niende nikachague.

Afisa wa mpakani hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza kama mimi ni Mchaguaji au Mchaguliwa. Watu wote wa Rahisia wamegawanyika katika makundi hayo mawili. Mtu huwa Mchaguaji mpaka siku anapotimiza miaka sabini. Asubuhi ya siku hiyo huamka Mchaguliwa, na kuanzia hapo hanunui, hapangi na haulizwi. Afisa alinieleza kwa upole kwamba hiyo ni heshima. Akanibandika kifuani kitambulisho cha kijani, akanitakia uchaguzi mwema.

Sheria mama ya nchi hiyo inaitwa Sheria ya Kutomchosha Mzee. Kifungu chake cha kwanza kinakataza kumuuliza Mchaguliwa swali lolote ambalo jibu lake haliwezi kuwa "sawa". Unaruhusiwa kumuuliza kama awekewe mto, naye atasema sawa. Huruhusiwi kumuuliza anataka nini, kwa sababu swali hilo lina majibu mengi, na majibu mengi ni mzigo. Sokoni nilimwona muuza matunda akimkabidhi bikizee mmoja fungu la mapapai. Bikizee aliyatazama maembe yaliyokuwa pembeni, akayatazama mapapai, akasema sawa, akaondoka na mapapai.

Nilianza kazi yangu dukani. Muuzaji, kijana mtanashati aliyenyoosha shati kwa pasi hadi likasimama lenyewe, aliniuliza umri wa Bi Msimu kabla hajaniuliza jina langu. Nilipomtajia, akavuta droo. Vishikwambi vya Rahisia hupangwa kwa umri, kama viatu vinavyopangwa kwa namba. Cha miaka sabini kina vitufe dazeni nzima juu ya kioo. Cha sabini na tano kina nusu ya hivyo. Cha themanini kina viwili, kimoja cha kusikiliza mawaidha na kimoja cha kuyanyamazisha, ingawa hicho cha pili, aliniambia, kinafikiriwa upya.

Nikamwambia Bi Msimu anafuga mbuzi, na kila wanapozaa huazima simu ya jirani akawapiga picha, kwa hiyo kamera ingemfaa. Muuzaji alitabasamu kwa huruma.

"Dada, kwa umri huo hawezi kupiga picha."

Nikamwambia anapiga. Akasema inawezekana kabisa kwamba ninamwona akipiga, lakini hawezi.

Sikununua siku hiyo. Nilitaka kwanza kujua ni nani aliyeamua kwamba mzee wa umri fulani anaweza hiki na hawezi kile, nikaelekezwa Nyumba ya Wepesi. Hiyo ni ofisi ya serikali yenye ghorofa tano, isiyo na ngazi wala lifti, kwa kuwa ngazi huwachosha wazee na lifti huwachanganya. Ghorofa nne za juu hazijawahi kukanyagwa na mtu. Kazi zote hufanyika chini, kwa msongamano.

Huko nilimkuta Mzee wa Serikali. Jina lake Hafidhi, ana miaka ishirini na sita, na siku za mapumziko ni mshambuliaji wa timu ya mtaa wao. Kila asubuhi huvaa glovu juu ya glovu, akapachika miwani iliyopakwa mafuta ya nazi, akaziba masikio kwa pamba na kufungwa mfuko wa mchanga kiunoni. Kisha huketi mezani, akaletewa vishikwambi vipya. Asichoweza kukibonyeza yeye, wazee wote wa Rahisia hawakiwezi. Asichokisoma, hawakisomi. Watu wazima waliofika ofisini kwa shughuli zao, wengine wakiwa na mvi kichwa kizima, walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua uso.

Nilimuuliza kwa nini wasiwatumie wazee wenyewe. Alichomoa pamba ya sikio moja, nikarudia.

"Wazee halisi hawaaminiki," akasema. "Huyu anaweza hiki, yule anaweza kile, wa tatu anakwambia hataki vyote. Nchi utaipangaje namna hiyo?"

Kazi ni ngumu, alisema, lakini anavumilia, kwani akifika miaka thelathini atastaafu uzee na kufungua duka la vifaa vya michezo.

Wasomi wa Rahisia nao wana mjadala mmoja mkubwa, na nilikaa barazani kwao alasiri nzima nikiusikiliza. Kundi moja, linaloitwa Wakubwa, linashikilia kwamba kishikwambi chepesi ni kile chenye vitufe vikubwa. Kundi la pili, Wachache, linashikilia kwamba ni kile chenye vitufe vichache. Wamegombana kwa miaka mingi, wameachana wake na waume kwa ajili ya jambo hilo. Hivi karibuni profesa mmoja wa Wakubwa alithibitisha kwamba kitufe kikiendelea kukuzwa kitafika mahali kijaze kioo chote, na kwamba kitufe kilichojaza kioo chote hakionekani tena kuwa kitufe. Wachache walishangilia, kwani wao pia walikuwa wamefikia hapo kwa njia ya kupunguza. Tangu siku hiyo makundi yote mawili yanakubaliana kuhusu kishikwambi kikamilifu ni kipi, na yanagombana kuhusu njia tu.

Kishikwambi hicho kikamilifu wanacho, na nimekiona kwenye sebule nyingi. Utaratibu wao ni kwamba vishikwambi vyote vya wazee vimeunganishwa na Nyumba ya Wepesi, na mzee anapokosea, habari hufika huko zenyewe. Akikosea kitufe mara tatu, kitufe hicho huondolewa usiku akiwa amelala, ili asipate nafasi ya kukikosea tena. Kila kuondolewa huitwa nafuu. Nafuu zikifuatana, hubaki kitufe kimoja, na hicho hakiondolewi bila baraza, kwani mzee anayeondolewa kitufe cha mwisho anakuwa amefikia Wepesi Kamili. Kioo chake hung'aa weupe kama maziwa. Hakibonyezeki, hakikosewi. Hutiwa fremu na kutundikwa ukutani, pilau ikapikwa, majirani wakaja na pongezi. Kila nyumba niliyoingia nilionyeshwa kioo cheupe kwa fahari ile ile ambayo kwetu watu huonyeshea picha za mahafali. Mzee mwenyewe huwa ameketi chini yake. Wanapomuuliza kama anastarehe, husema sawa.

Wachaguaji wanaotoka nje hulazwa kwenye nyumba zenye wazee, ili wajifunze. Mimi nilipangiwa kwa Bi Salhina binti Ngwali, mjane aliyevunjika nyonga miaka ya nyuma na anayetembea kwa kushika kuta. Anayemtunza ni mwanawe Shaame, fundi wa mafriji, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Katika utunzaji wake sikuona kosa: chai ilikuwa ya moto, shuka safi, dawa kwa wakati wake.

Kishikwambi cha Bi Salhina kilikuwa kimebakiwa na kitufe kimoja. Redio iliondolewa kwa sababu alikuwa akiizima katikati ya taarifa ya habari, na kuzima katikati huhesabiwa kuwa ni kukosea. Hali ya hewa iliondolewa kwa sababu hakuifungua kamwe. Alikuwa akitazama dirishani. Michezo ya kuchangamsha akili iliondolewa kwa sababu alishinda upesi mno, na mashine ikadhani anabonyeza ovyo. Kilichobaki ni kitufe cha kijani chenye sura ya dada yake mkubwa, Bi Mgeni, anayeishi ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo nyonga ya Bi Salhina haiwezi tena kumfikisha.

Kitufe hicho kilikuwa na kesi. Shaame alinieleza siku niliyofika, tukiwa uani, kwa sauti ya chini. Mama yake hukibonyeza kila asubuhi, uso wa Bi Mgeni unatokea, halafu hakuna anayesema neno. Nyumba ya Wepesi hupokea mawasiliano yasiyo na sauti, na mawasiliano yasiyo na sauti ni kosa. Makosa yalikwisha kupita matatu zamani, wakamstahi kwa umri wake. Sasa baraza limeitishwa, litakaa wiki hiyo hiyo, na Shaame kama mwana wa pekee atatoa maoni yake. Alikuwa ameamua kuunga mkono nafuu.

"Nafikiri anasahau alichotaka kusema," aliniambia. "Anakaa pale na ungo wake, anamtazama mama mkubwa, mama mkubwa naye anamtazama. Mimi husimama nje ya mlango, dada yangu, nasikiliza. Kimya. Inaniuma sana. Bora apumzike."

Asubuhi iliyofuata nilikaa chumbani na Bi Salhina. Aliegemeza kishikwambi kwenye birika, akabonyeza, na Bi Mgeni akatokea: mwanamke mwenye uso mpana, upande mmoja wa mdomo umelegea, naye amepakata ungo. Hawakusalimiana. Bi Salhina alimimina mchele kwenye ungo wake, wakaanza kuchambua, kila mmoja kwake, chuya pembeni, vijiwe pembeni. Bi Mgeni alipata kijiwe kikubwa, akakiinua hadi kwenye kamera; Bi Salhina akatikisa kichwa kuwalaani wauza mchele wote wa pande zile mbili za ziwa. Baadaye Bi Salhina alipepeta kwa madoido, akiringa kwa mabega kama biharusi, na mabega ya dada yake yakatikisika kwa kicheko kisichotoa sauti. Mchele ulipokwisha, kila mmoja alimwonyesha mwenzake ungo wake, kioo kikazimwa.

Nilikuwa bado sijaizoea sheria ya nchi. Nikamuuliza mbona hawazungumzi.

Bi Salhina alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyewekewa kitu mkononi akawa hakumbuki kinavyoshikwa. Nadhani hakuwa ameulizwa swali la kweli tangu alipotimiza miaka sabini.

"Dada yangu alipigwa na kiharusi," akasema taratibu. "Ulimi umemgomea. Na huyo alikuwa msemaji, mjukuu wangu, sokoni walikuwa wakimwona wanafunga vibanda. Sasa nikianza mimi, habari za huku, habari za kule, naye hawezi kunijibu, si namtia uchungu? Basi na wa kwangu nimeutuliza. Tunachambua mchele."

Nikamuuliza kama Shaame anajua.

"Hajaniuliza." Aliyasema hayo bila lawama, kama mtu anayekutajia saa ya kufungwa kwa soko. Kisha akapangusa vumbi la mchele kwenye kioo kwa ncha ya kanga yake. "Wakikiondoa hiki, mwenzangu atakaa na ungo wake kila asubuhi ananingoja. Na hana mdomo wa kuuliza nimepatwa na nini."

Nilimtafuta Shaame siku ile nimweleze, nikaambiwa yuko kwenye semina ambayo Wachaguaji hupewa kabla ya baraza ili wasiyumbe, na kwamba haruhusiwi kusikia jambo jipya mpaka siku yenyewe. Ni desturi yao. Wanaamini kwamba mtu aliyekwisha kuamua kwa upendo hapaswi kusumbuliwa na habari.

Baraza lilikaa katika ukumbi wa chini wa Nyumba ya Wepesi. Mwenyekiti alikuwa Bi Nunuu, mwanamke mkavu na makini mwenye miaka sitini na tisa, aliyebakiza miezi michache tu awe Mchaguliwa. Bi Salhina aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akahamishiwa kwenye kiti cha heshima, kirefu, chenye mito. Kiti hicho hugeuzwa ukutani, mgongo ukielekea baraza, ili nyuso za watu zisimchoshe mzee. Kwa hiyo sote tulikuwa tunauona ukosi wa kanga yake na kichwa chake kidogo, na yeye alikuwa anauona ukuta.

Shaame alisimama kwanza. Alieleza jinsi mama yake anavyobonyeza na jinsi kimya kinavyofuata. Aliongea vizuri mpaka alipofika mahali pa kueleza anavyosimama nje ya mlango, hapo akaanza kujipangusa macho kwa mikono yake mikubwa, watu wa nyuma wakamwonea huruma, na mmoja akampa leso.

Akafuata Mzee wa Serikali. Bi Nunuu alimwamkia shikamoo, akaitikia. Kishikwambi cha Bi Salhina kiliwekwa mbele yake. Alikibonyeza kitufe cha kijani kwa vidole vyake vya glovu juu ya glovu, mara nyingi, kwa subira ya kweli, na kioo hakikuitika. Akatangaza kwamba kitufe hicho hakibonyezeki kwa mzee. Mjumbe mmoja aliuliza basi Bi Salhina amekuwa akikibonyezaje kila asubuhi. Ukumbi ulinong'ona. Hafidhi alijibu kwamba hilo ndilo linaloonyesha kiasi gani anajitesa, na mjumbe akaridhika.

Wakubwa walipendekeza kitufe kisiondolewe, kikuzwe tu hadi kijaze kioo. Wachache walipendekeza kiondolewe. Walibishana kwa hasira hadi mwenyekiti alipowakumbusha kwamba mapendekezo yote mawili yanamaanisha kitu kimoja.

Wageni huruhusiwa kusema mwishoni. Nilisimama nikaeleza nilichokiona: ungo, vijiwe, kiharusi, kicheko cha mabega. Nilieleza maneno ya Bi Salhina kama alivyoniambia, neno kwa neno, kwani nilijua sitapewa nafasi ya pili. Shaame, aliyekuwa ameinama, aliinua kichwa, akabaki ananitazama, leso ikiwa imesahaulika mkononi.

Bi Nunuu aliniuliza nimeyajuaje hayo. Nikasema nilimuuliza mwenyewe. Ukumbi ukavuma. Mjumbe wa sheria alisimama akasema jibu lililopatikana kwa swali la haramu ni jibu la haramu, kwa sababu lilimchosha mzee. Nikasema sikumwona akichoka. Akasema mimi siye wa kusema, anayestahili kusema ni mzee.

Nilidhani sasa watakigeuza kile kiti. Badala yake Bi Nunuu alimgeukia Hafidhi.

"Mzee, ulichoka ulipoulizwa?"

"Nilichoka sana," akasema Mzee wa Serikali, akajishika kiuno, pale penye mchanga.

Ushahidi wangu ukatupwa. Mwenyekiti alitoa uamuzi kwamba Bi Salhina apewe nafuu ya mwisho, kitufe kiondolewe, na pilau ipikwe Ijumaa. Kilichobaki kilikuwa desturi tu. Uamuzi wa Wepesi Kamili haushiki mpaka Mchaguliwa mwenyewe aseme "sawa" kwa mdomo wake, na hilo ndilo jambo pekee katika sheria zao zote ambalo mtu mwingine hawezi kumfanyia. Waliliweka, alinieleza mjumbe jirani yangu, isije ikadhaniwa na watu wa nje kwamba wazee wanalazimishwa. Hakuna aliyewahi kukosa kulisema.

Bi Nunuu akasoma uamuzi kwa sauti, akamalizia kama inavyotakiwa: "Bi Salhina, tukupumzishe?"

Kiti cha heshima hakikujibu.

Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa kudhani hakusikika. Ukosi wa kanga haukutikisika. Mjumbe wa sheria akasema labda amesinzia, mwingine akachungulia pembeni mwa kiti na kurudi akisema macho yako wazi. Wakaketi kungoja. Sasa, Warahisia hawana mazoea ya kimya. Majengo yao yote yana muziki mwororo wa kuwaliwaza wazee, na muziki wa ukumbini huzimwa wakati wa "sawa" peke yake, wakati ambao kwa kawaida ni mfupi kama kupiga chafya. Walianza kukohoa. Walianza kusogeza viti. Mmoja alicheka bila sababu akaomba radhi. Hafidhi alijitolea kusema sawa kwa niaba, akaonyeshwa kifungu, akakaa. Na Bi Salhina, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amekaa hivyo kila asubuhi, alikaa. Niliona kichwa chake kidogo kimetulia kabisa. Katika ukumbi ule mtu pekee aliyekuwa anastarehe alikuwa yeye.

Ndipo Shaame aliposimama. Mwenyekiti alimwambia arudi, hakurudi. Alipita mbele ya meza kuu, akakizunguka kile kiti cha heshima, akajibana kati yake na ukuta, mahali ambapo Mchaguaji hana ruhusa ya kufika, akapiga magoti akamtazama mama yake usoni. Kwa kuwa muziki ulikuwa umezimwa, sote tulisikia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Hilo lilikuwa swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa sawa, na liliulizwa mbele ya baraza zima.

"Nilikuwa nakusikia ukisimama mlangoni, mwanangu," akasema Bi Salhina. "Kila siku nilidhani utaingia."

Sina la kuripoti kuhusu uso wa Shaame kwani sikuuona. Kiti kilikuwa kimeuziba. Naweza kuripoti kwamba Bi Nunuu alinyanyua nyundo yake ya kufungia kikao, akaishika hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, huku akikitazama kile kiti kirefu chenye mito. Kisha akaiweka mezani bila kuigonga. Alisema kwamba neno linalotakiwa halijatamkwa, kwa hiyo uamuzi upo ila haujashika, na kitufe kitabaki mahali pake mpaka siku Bi Salhina atakaposema sawa. Akaongeza, akizitazama karatasi zake, kwamba sheria haitaji muda wa kungoja, na kwamba yeye haoni sababu ya kuutaja.

Shaame aliadhibiwa kwa swali lake. Walimbandua kitambulisho cha kijani, na kwa mwaka mmoja hana ruhusa ya kujichagulia chochote: ofisi itamletea viatu, sabuni na mboga. Siku ileile walimletea bamia, ambazo hazipendi. Alipoulizwa kama amepokea, alifungua mdomo, akafikiri kidogo, akasema amepokea.

Muuzaji wa vishikwambi alinikuta nikifunga mzigo wangu. Alikuja na kile cha miaka themanini kikiwa kimefungwa kwa utepe, akisema wamenishushia. Nikamwambia nitarudi kwetu kwanza nimuulize Bi Msimu anataka kukifanyia nini. Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba nitawauliza mbuzi wake. Kuhusu ukoo, niliandika kwenye kundi kwamba sijachagua, na wakati naandika haya bado wananijadili.

Bi Salhina hajasema sawa tangu siku ile. Ameliacha neno hilo kabisa, hata kwa chai. Ukimpelekea kikombe atasema haya, au asante, au weka hapo, au kama sukari imezidi atasema sukari imezidi. Majirani wanaona amekuwa mkali. Kila asubuhi mtu wa Nyumba ya Wepesi hupita dirishani, akauliza kwa adabu kama bibi yuko salama, akisikilizia, na kila asubuhi bibi humwambia mvua itanyesha au haitanyesha.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilipita chumbani kuaga, nikakuta mlango uko wazi. Kishikwambi kilikuwa kimeegemezwa kwenye birika na Bi Mgeni alikwisha kutokea. Shaame alikuwa ameketi mkekani kando ya mama yake, magoti juu, ungo wa kuazima mapajani, akiokota chuya kwa vile vidole vyake vya kufungulia nati za mafriji. Hakuna aliyekuwa anasema. Alifanya kazi polepole sana. Alipodhani amemaliza, aliuinua ungo kuelekea kwenye kioo kama alivyowaona wao wakifanya.

Bi Mgeni alisogea hadi uso wake ukajaza kioo chote. Aliukagua ungo kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akanyoosha kidole kimoja, akakigongesha kwenye kioo upande wake. Shaame akainama kutafuta. Kilikuwepo kijiwe.